Hasheem Thabeet: ni galasa la drafti ya 2009, au tunamhukumu kwa jina la Curry?

Bloku417

Wakuu, habari za humu. Kila ikifika Juni, jina la Hasheem Thabeet, senta wetu Mtanzania (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) aliyechaguliwa na Memphis kwenye drafti ya NBA ya 2009, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, linafufuliwa kwa orodha ileile: yeye wa pili, James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba, na chini yake neno moja tu, galasa. Wamarekani wamelizoea. Sasa vijana wetu wa Dar nao wanalirudia, na wengi hawajawahi kutazama hata mechi moja ya chuo chake, Connecticut (UConn). Naomba tulijadili kwa namba na kwa mchezo wenyewe.

Tuanze na chuo, maana sifa yake ilijengwa huko. Misimu mitatu Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, 2006 hadi 2009. Msimu wa kwanza wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4 (mipira iliyookotwa baada ya mtupo kukosa), bloku 3.8 (mitupo iliyozuiwa). Wa pili 10.5, 7.9 na 4.5. Wa tatu 13.6, 10.8 na 4.2. Jumla ya bloku 417, na katika historia ya chuo kile aliyemzidi alikuwa Emeka Okafor mwenye 441. Mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo aliyochezea, 2008 na 2009, mlinzi bora wa nchi kwa kura ya NABC, chama cha makocha wa vyuo, miaka hiyohiyo miwili, na 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence: pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Mwaka huo UConn walifika nusu fainali ya taifa kule Detroit.

Kisha NBA: mechi 224, wastani wa pointi 2.2, ribaundi 2.7, bloku 0.8.

Msimamo wangu ni huu. Thabeet wa chuo alikuwa mlinzi wa kweli, hakuna aliyedanganywa na macho yake. Memphis walikosea kununua ulinzi ambao sheria za NBA haziruhusu uchezwe vile. Karibuni.

Kikapu Temeke

Mkuu, namba za chuo hazibishaniwi. Lakini galasa ni galasa, tusione haya kulitamka. Chaguo la pili linategemewa lianze mechi, na ikiwezekana libebe timu. Huyu msimu wa kwanza alipata dakika 13 kwa mechi. Februari 2010 akashushwa D-League, ligi ndogo ya NBA ya kukuza wachezaji, kwa Dakota Wizards, na hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa kule. Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la drafti, wakachukua Shane Battier na Ish Smith. Houston akacheza mechi 7 kwa misimu miwili. Machi 2012 akapelekwa Portland. Mkataba wa mwanzo ukaisha bila timu kuuchukua mwaka wake wa nne.

Halafu angalia Memphis walivyofaidika bila yeye. Aprili 2011, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio (Spurs), Battier yuleyule aliyeletwa kwa kumtoa Thabeet ndiye aliyetupia mtupo wa pointi tatu wa ushindi, 101 kwa 98, na Memphis walioshika nafasi ya nane wakawatoa Spurs waliokuwa wa kwanza. Sasa hapo sheria zinaingiaje?

Mzee wa Zoni

Zinaingia, tena pakubwa. Wengi tunautazama mpira wa chuo na wa NBA kama mchezo mmoja wenye jezi tofauti. Kwa gadi, yule mchezaji wa nje anayeuongoza mpira, tofauti ni ndogo. Kwa senta mrefu ni michezo miwili.

Kwanza, sekunde tatu za ulinzi. NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, hawana sheria hiyo. Senta wa chuo anaweza kusimama chini ya kikapu tangu shambulizi linaanza mpaka linaisha, mikono juu, hamgusi mtu wala hafuati mtu. NBA waliiweka sheria hiyo msimu wa 2001-02, waliporuhusu zoni, yaani kulinda eneo badala ya mtu. Mlinzi asiyemkaba mtu kwa umbali wa mkono mmoja haruhusiwi kukaa ndani ya boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya kikapu, zaidi ya sekunde tatu. Akikaa, wapinzani wanapewa mtupo huru mmoja na mpira unabaki kwao. Kwa hiyo senta lazima atoke, arudi, atoke tena, dakika zote anazocheza. Mtu wa mita 2.21 na kilo karibu 119 kila akitoka na kurudi anaanza upya kusukuma mwili wake.

Pili, upana wa boksi lenyewe. La NCAA ni futi 12, yaani mita 3.66. La NBA ni futi 16, mita 4.88. Ongezeko la mita 1.22. Kwa mkono mrefu kama wake, boksi la chuo alilifunika kwa hatua moja kila upande. La NBA linataka mbili, na hiyo ya pili ndiyo inayochelewa. (Wale waliozoea viwanja vyetu vya zamani vyenye boksi la trapezi, hayo yalikuwa ya FIBA, shirikisho la kimataifa, mpaka 2010, usiyachukue kama kipimo.)

Tatu, mstari wa pointi tatu. Msimu wa 2008-09 NCAA walikuwa wameusogeza hadi futi 20 na inchi 9, mita 6.32. Wa NBA pale juu ni mita 7.24. Skrini ya mpira (mchezaji anasimama kumzibia njia mlinzi wa mwenye mpira) ikiwekwa kwenye mstari ule, senta anavutwa mbali na nyumbani kwake.

Nne, nusu duara la chini ya kikapu. NBA wanalo. NCAA wakati huo hawakuwa nalo, walilichora msimu wa 2011-12. Maana yake 2009 mshambuliaji wa chuo aliyevamia kikapu aliweza kuhesabiwa fauli ya kumgonga mlinzi hata kama mlinzi amesimama chini kabisa ya ringi. Gadi wengi walikuwa wanasita. Ukichanganya kusita huko na mikono ya Thabeet, unapata timu pinzani inayotupa kutoka mbali kwa hofu, na hofu hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya takwimu.

Jambo la mwisho, watu husema "NBA fauli zilimmaliza". Chuo ni fauli 5 kwa dakika 40, NBA ni 6 kwa dakika 48. Gawanya: zote mbili ni fauli moja kwa kila dakika 8. Posho ni ileile. Kilichobadilika ni mahali anapofanyia fauli. Chuo alikuwa amesimama, mpira unamjia. NBA alikuwa njiani kurudi, kiwiliwili kimeinama, mikono inashuka. Hapo mwamuzi anapuliza, na ana haki.

Bint Upanga

Mzee wa Zoni, shikamoo. Maelezo yameeleweka, ila yananipa swali. Sheria hizo zilimkuta kila senta, siyo Thabeet peke yake. Roy Hibbert alitoka Big East hiyohiyo, Georgetown, mrefu kama yeye, na wala hana mbio. Alichaguliwa wa 17 mwaka 2008 na akaingia All-Star, mechi ya nyota wa ligi, 2012 na 2014. Yeye aliwezaje?

Mzee wa Zoni

Marahaba, binti yangu. Swali lako ni zuri kuliko maelezo yangu.

Hibbert alikaa Georgetown miaka minne, na alipofika Indiana alijifunza jambo moja akalifanya vizuri kupita wengine: kuruka wima. Sheria inampa mlinzi haki ya nafasi iliyo juu ya mwili wake. Ukiruka ukiwa umenyooka, mikono juu ya mabega, kifua hakisogei mbele, mshambuliaji akija kukugonga fauli siyo yako. Linaonekana jambo dogo, lakini linataka hatua tatu kabla ya kuruka: ufike mapema, miguu miwili itulie chini, ndipo uruke. Thabeet aliruka kwa mguu mmoja huku bado anateleza kando, kwa sababu chuo urefu ulimtosha kufika hata akichelewa. Tazama bloku zake nyingi za UConn: mpira ameufuata kwa nyuma au kwa ubavu. Ni nzuri machoni. NBA mshambuliaji akisikia mlinzi yuko ubavuni anasimama ghafla, anasubiri, anagongwa, anapata mitupo miwili.

Kitu kingine ni ushambuliaji. Januari 2008 Georgetown waliwafunga UConn 72 kwa 69, na tatu iliyoamua mechi aliipiga Hibbert, senta, kutoka nje. Ukiwa na mkono huo, kocha anakuvumilia siku mbaya za ulinzi. Thabeet hakuwa na mtupo wa kumtoa mtu nje. Alifunga kwa kudanki na kwa ribaundi za ushambuliaji, basi mlinzi wake alimwacha na kwenda kusaidia kwingine. Timu yake ilishambulia wanne dhidi ya watano.

Ila tuseme yote. Hata Hibbert mchezo ulimkimbia. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa 2016-17, na hakuwa hata na miaka 31. Masenta wa aina ile ligi yote iliwaacha njiani.

Katanga Basket

Salamu kutoka Lubumbashi, ndugu zangu. Ongezeni Bismack Biyombo, mtoto wa kwetu hapa Lubumbashi. Alichaguliwa wa 7 mwaka 2011. Naye hana mtupo, naye mikono yake kwenye pasi ilikuwa migumu, tena ni mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya sentimita 15. Lakini Mei 2016, akiwa Toronto, aliokota ribaundi 26 katika mechi moja ya fainali ya kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron, na mwaka huo Orlando wakampa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne.

Tofauti ni miguu. Biyombo akitolewa hadi mstari wa tatu kwenye skrini, anaweza kubaki na gadi kwa dribo mbili tatu mpaka mwenzake arudi. Makocha wa NBA wanalipa hela kwa hizo dribo mbili.

Gadi wa South B

Wadau, mmezungumzia Thabeet kana kwamba aliingia kwenye timu tupu. Chukueni kikosi cha Memphis cha 2009-10 mkisome. Gadi: Mike Conley aliyechaguliwa wa 4 mwaka 2007, na O.J. Mayo wa 3 mwaka 2008. Pembeni Rudy Gay. Senta Marc Gasol, ambaye msimu huo alipata pointi 14.6 na ribaundi 9.3. Na Julai 2009, wiki chache baada ya drafti, wakamleta Zach Randolph.

Hapo ndipo lile swali la "kwa nini hawakumchukua Curry au Harden" linapata jibu. Nafasi za gadi walishazitumia chaguo mbili za juu mfululizo. Wakaona pengo ni mlinzi wa kikapu. Halafu Randolph akaja, Gasol akakomaa, timu ikapanda kutoka ushindi 24 na vipigo 58 hadi ushindi 40 na vipigo 42. Pengo likazibwa na watu wengine kabla Thabeet hajajifunza kazi. Kocha Lionel Hollins alikuwa anatafuta ushindi usiku huo, na dakika za kumfundishia mtoto hakuwa nazo.

Na kuhusu Curry, tuwe wakweli. Minnesota walikuwa na chaguo la 5 na la 6, wakachukua gadi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, Curry akapita. Wao ndio waliotaka gadi kwa hakika na bado wakamkosa. Msimu wa 2011-12 Curry alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu. Harden naye Oklahoma City (OKC) alikuwa anaanzia benchi. Drafti ya 2009 tunaisoma leo tukiwa na majibu mkononi.

Kikapu Temeke

Gadi wa South B, umenena, nakubali kuhusu Curry. Lakini hoja ya nafasi sikubali. Mwenye kipaji hulazimisha dakika. Hakeem Olajuwon alianza kikapu akiwa na miaka 15, Thabeet naye alianza umri kama huo. Joel Embiid kadhalika. Kwa hiyo "alichelewa kuanza" pia siyo kinga.

Bloku417

Temeke, huo ni mfano unaotajwa sana, na una shimo. Olajuwon kabla ya kikapu alicheza soka na mpira wa mikono, alikuwa kipa. Embiid alitoka voliboli. Hiyo ni michezo inayofundisha miguu kugeuka, kusimama, kuruka na kutua kwa mpangilio. Umri wa kuanza kikapu ulikuwa sawa, umri wa kuanza kutumia miguu haukuwa sawa.

Na kwa wale wanaotaka kuona udhaifu wake ulivyokuwa kabla hata ya NBA, upo wazi kwenye mechi moja. Februari 16, 2009, Hartford, UConn wakiwa namba moja nchini wanacheza na Pittsburgh. Ilikuwa siku ambayo Thabeet anatimiza miaka 22. Blair, mwenye mita 2.01 tu, alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet: pointi 5, ribaundi 4. Pitt 76, UConn 68. Mle ndani kuna tukio ambalo bado linarudiwa: wawili wanagombea ribaundi, mikono imefungana, Blair anamvuta na kumpitisha juu ya bega lake, Thabeet anaangukia mgongo.

Watu wanacheka tukio, hawaangalii namna Blair alivyofanya kazi mechi nzima. Mpira ukitupwa, Blair hatazami ringi kwanza. Anageuka, anashusha makalio chini mpaka yanagusa mapaja ya Thabeet, anarudi nyuma hatua moja ndogo, kisha nyingine. Magoti ya Thabeet yalikuwa yamenyooka. Mtu aliyenyoosha magoti hana breki, akisukumwa kwenye mapaja anarudi tu. Mpaka mpira unadunda kwenye ringi, Thabeet ameshatolewa mita nzima nje ya mahali pake, na kutoka hapo urefu haumsaidii kwa sababu mpira unaangukia mbele ya kifua cha Blair.

Makocha wote wa NBA waliiona mechi hiyo. Wale wachezaji warefu wa kanda ya Magharibi waliomsubiri walikuwa wanajua kutumia makalio kama Blair, halafu wakawa na mtupo wa futi 15 juu yake: Tim Duncan, Pau Gasol, Dirk Nowitzki, LaMarcus Aldridge.

Bint Upanga

Kumbe basi hapo kosa ni la waliomtathmini. Jibu lilikuwepo Februari, drafti ilikuwa Juni 25.

Bloku417

Ndiyo, dada. Na Blair mwenyewe aliteremka hadi chaguo la 37 kwa sababu ya magoti, kisha akacheza mechi 82 zote za msimu wake wa kwanza San Antonio. Timu ziliogopa magoti ya Blair, zikapenda sentimita za Thabeet. Walipima vinavyopimika kwa futi kamba.

Fundi wa Skrini

Niongezee upande wa skrini ya mpira, maana Mzee wa Zoni aligusia akapita.

Senta ana njia tatu za kuikaba. Ya kwanza, atoke kabisa amzibe gadi mpaka mwenzake arudi. Inataka miguu ya Biyombo. Ya pili, wabadilishane watu. Kwa mita 2.21 dhidi ya gadi mwepesi, hiyo kwa Thabeet haikuwezekana. Ya tatu, ashuke: abaki karibu na boksi, aruhusu mtupo wa kati, azibe njia ya ringi. Hiyo ndiyo iliyomfaa, na leo masenta wengi wakubwa wanaishi kwayo.

Ila kushuka kuna masharti. Gadi wako lazima apite juu ya skrini na kubaki mgongoni mwa mwenye mpira, akimsumbua kwa nyuma. Wengine watatu wavute hatua moja ndani kisha warudi. Senta asiwe mbali sana wala karibu sana: akisogea, anapitwa, akizama, anatupiwa bila kusumbuliwa. Na mikono yake ifanye kazi mbili, mmoja juu kwa ajili ya mtupo, mmoja chini pembeni kwa ajili ya pasi ya chini kwa aliyeweka skrini. Thabeet mikono yote miwili ilikuwa juu. Pasi ya kudundisha ilipita kiunoni kwake mara nyingi mno.

Miaka ile ya 2009 hadi 2011 timu nyingi bado zilidai senta atoke. Angekuja miaka mitano baadaye, kwenye timu iliyojengwa kushuka, angalau kazi yake ingekuwa moja. Sisemi angekuwa nyota. Nasema angepata kazi ya dakika 18.

Gadi wa South B

Nakazia. Na ushahidi mdogo upo kwenye namba zake mwenyewe. Msimu wa kwanza bloku 1.3 kwa dakika 13. Ukizidisha kufikia dakika 36 unapata bloku 3.6. Tusizidishe pointi, hazina maana kwake. Lakini bloku kwa dakika bado zilikuwa nyingi. Kipaji kile kilivuka, vile vilivyotakiwa kukizunguka havikuvuka.

Kikapu Temeke

Namba ya kuzidisha ni hatari mkuu. Inadhani angeweza kukaa dakika 36 uwanjani. Kwa fauli zake asingefika. Na bloku inayokwenda kwa mashabiki wa safu ya kwanza inarudisha mpira kwa wapinzani. Bill Russell alisifika kwa sababu bloku zake zilibaki uwanjani, wenzake wakakimbia nazo. Thabeet alipiga kwa nguvu.

Fundi wa Skrini

Hilo la bloku kutoka nje nakubaliana nawe moja kwa moja.

Bloku417

Nami pia. Ila msimu wa OKC usiuruke. 2012-13 alicheza mechi 66, dakika 11.7, akimpokea Kendrick Perkins, kwenye timu iliyoshinda mechi 60. Aliingiza karibu asilimia 60 ya mitupo yake kwa sababu hakujaribu kitu nje ya uwezo wake. Huo ni msimu wa senta wa akiba anayejua kazi. Kama angechaguliwa wa 35, tungesema amefanya vizuri.

Na kuna mambo mawili ya drafti ile yanayonigusa. Alisaini OKC Julai 2012, Harden akauzwa Houston mwishoni mwa Oktoba. Kwa wiki chache za maandalizi chaguo la 2 na la 3 la 2009 walikuwa timu moja. Na Machi 2012 aliyefungwa naye kwenye kifurushi kimoja kwenda Portland alikuwa Jonny Flynn, chaguo la 6. Walibadilishwa na Marcus Camby, ambaye naye alikuwa chaguo la pili, 1996, na naye alitengeneza jina chuoni kwa bloku. Camby aliishi miaka mingi NBA kwa sababu juu ya bloku aliongeza ribaundi, pasi na mtupo wa kati.

Bint Upanga

Mimi naomba tuzitenganishe heshima mbili. Ya Marekani inapima nafasi uliyochaguliwa dhidi ya ulichotoa, na kwa kipimo hicho Temeke ameshinda, chaguo la pili lenye pointi 2.2 ni hasara. Ya huku kwetu ni nyingine. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Baada ya NBA hakuacha mpira: Yokohama kule Japani msimu wa 2017-18, kisha Taiwan. Mtu anayecheza ligi za mbali akiwa na miaka zaidi ya 33 anaupenda huu mchezo. Kumwita galasa kwa Kiswahili, sisi wenyewe, kana kwamba alitupotezea chaguo letu la drafti, inaniuma. Waliopoteza chaguo ni Memphis.

Kikapu Temeke

Dada, hapo umenigusa. Neno galasa nalibakiza kwa chaguo. Kwa mtu naliondoa.

Mzee wa Zoni

Hiyo nimeipenda, mwanangu.

Mgeni wa Jukwaa

Wakuu, nimesoma uzi wote. Kwa anayetaka kutazama mwenyewe bila kupoteza wiki nzima, aanze na mechi zipi, na aangalie nini?

Bloku417

Nne zinatosha. Providence, Januari 31, 2009, uone kilele. Angalia gadi wa UConn, A.J. Price na Jerome Dyson, wanavyombana mtu juu bila woga kwa sababu wanajua nyuma yupo nani. Kisha Pittsburgh, Februari 16, na macho yako yawe kwenye magoti yake, mpira uache. Tatu ni Syracuse, robo fainali ya Big East, Machi 12, ile ya vipindi sita vya nyongeza, Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Alitolewa kwa fauli kabla haijaisha, na ulinzi wa UConn baada ya hapo unakuonyesha thamani yake kuliko bloku zake zote. Flynn, yule Jonny, akiwa Syracuse, alicheza dakika 67 siku hiyo. Mechi ilikwisha saa 7:22 usiku New York, huku Dar ilikuwa saa 2:22 asubuhi ya Machi 13. Ya nne, mechi yoyote ya OKC ya 2012-13 aliyocheza zaidi ya dakika 15.

Fundi wa Skrini

Kwenye hiyo ya OKC, kila skrini ikiwekwa simamisha picha uangalie miguu yake iko wapi ukilinganisha na mstari wa mtupo huru. Ikiwa ndani ya mstari, shambulizi hilo mara nyingi anamaliza salama. Ikiwa nje, hesabu dribo za gadi mpaka kikapu.

Mgeni wa Jukwaa

Nimeipata ya Providence, kamili, ubora wa picha ni wa wastani. Naanza nayo leo. Nitaandika bloku ngapi kati ya 10 zilibaki uwanjani, nilete hapa.